Kasi ya kukwama ya konveta katika mbio za dragi

Kasi ya kukwama ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo injini haiwezi kuivuka dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho huku magurudumu yamezuiwa. Hupimwa kwenye magari ya gia otomatiki, ambamo injini na giaboksi haziunganishwi na klachi bali na konveta: chombo cha mviringo kilichojaa oili, chenye pampu inayozungushwa na injini, turbini inayozungusha giaboksi, na katikati yao stata inayogeuza oili inayorudi ili isaidie kusukuma. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1905, akiwa na meli akilini. Katika mbio za dragi za Marekani, ambako magari mawili huchuana kwenye mstari mnyoofu wa mita 402, yaani robo maili, kifaa hicho ndicho huamua injini itaanza kuvuta ikiwa kwenye kasi gani taa ya kijani inapowaka. Ndiyo maana wanunuzi huulizia namba: elfu tatu, elfu nne, elfu tano. Ulizo hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu namba hiyo haimo ndani ya konveta peke yake.

Oili inayorushwa na pampu huipinga injini kwa nguvu inayokua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, upinzani huwa mara nne. Injini hupanda mpaka torki yake, yaani nguvu yake ya kuzungusha, ilingane na upinzani huo, na hapo hukwama. Kwa hiyo konveta ile ile hukwama juu zaidi ikifungwa nyuma ya injini yenye torki kubwa zaidi, na ongezeko hufuata kipeuo cha pili cha torki. Konveta inayokwama kwenye mizunguko 3,000 kwa injini inayotoa nyutonimita 400 itakwama kwenye 3,600 kwa injini inayotoa 576 katika kasi hiyo. Kipenyo nacho kina uzito wake, kwa kuwa upinzani hubadilika kwa kipeo cha tano cha kipenyo: mapanga yakibaki ya umbo lile lile, kupunguza kipenyo kutoka sentimita 25 hadi 24 tu hupandisha kasi ya kukwama kwa karibu asilimia 11. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, basi, ni makisio yaliyofanywa kwa injini fulani. Anayeinunua bila kumpa mtengenezaji mchoro wa torki ya injini yake ananunua makisio ya injini ya mtu mwingine.

Shauri la kawaida ni kulenga eneo ambapo torki ya injini iko kileleni, na ni shauri zuri, ila sababu yake kubwa haiko kwenye kuondoka tu. Iko pia kwenye kubadilisha gia. Giaboksi ya Powerglide, iliyotolewa na Chevrolet mwaka 1950, bado inapendwa kwenye dragi kwa wepesi wake, lakini ina gia mbili tu, na ile ya kwanza katika magari ya V8 ina uwiano wa 1.76. Dereva akibadilisha kwenye mizunguko 7,000, muunganisho usioteleza ungeishusha injini hadi karibu 4,000. Kwa giaboksi ya Turbo 400, yenye gia tatu, mabadiliko ya kwanza yangeishusha hadi 4,200 hivi, na ya pili hadi 4,700. Injini yenye kamshafti ya mashindano, ambayo haina nguvu ya maana chini ya 5,000, ingezubaa hapo. Konveta iliyochaguliwa vema huiacha iteleze kwa muda na kuishikilia juu ya shimo hilo. Hivyo upana wa pengo kati ya gia ni kigezo kinachostahili uzito sawa na ule wa kuondoka.

Wapo wanaosema: kama ni hivyo, tuchukue kasi ya juu kabisa, maana injini haitawahi kuanguka. Hoja hii husahau kwamba kuteleza si bure. Karibu na mwisho wa mbio konveta haizidishi tena torki kama ifanyavyo wakati wa kuondoka, na kila asilimia ya mtelezo ni asilimia ya nguvu inayogeuka joto ndani ya oili. Chukua gari linalovuka mstari kwa kilomita 190 kwa saa, tairi lenye mzingo wa mita 2.2, uwiano wa difu 4.1 na gia ya mwisho ya moja kwa moja: shafti inayoingia kwenye giaboksi inazunguka mara 5,900 hivi kwa dakika. Injini ikionyesha 6,400, mtelezo ni karibu asilimia 8. (Tairi laini za dragi hutanuka zikienda kasi, kwa hiyo mzingo upimwe kwa uangalifu.) Kwa injini ya nguvu za farasi 500, 40 kati ya hizo zinachemsha oili.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wenye tabo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa. Kwao torki ya injini haina kiwango kimoja: kabla tabo haijaamka ni ndogo, ikishaamka ni kubwa mno. Konveta inayobana sana huizuia injini kupanda, moshi hautoshi kuzungusha tabo, na gari hubaki limesimama kwenye mstari likisubiri. Hata hivyo kanuni ya kipeuo haivunjiki hapa, bali hudai ikokotolewe mara mbili. Torki ikiongezeka kwa nusu baada ya tabo kuamka, kasi ya kukwama hupanda kwa asilimia 22, hivyo konveta inayoonekana kubana inaweza kuwa legevu mara tu shinikizo linapofika. Ndiyo sababu ya breki ya giaboksi, inayofunga gia ya kwanza na rivasi kwa pamoja, kuthaminiwa: humpa dereva nafasi ya kujenga shinikizo bila kutegemea breki za magurudumu. Ashikilie kwa sekunde chache tu, maana gari likiwa limesimama nguvu yote ya injini huishia kuwa joto.

Uzito wa gari hutajwa mara nyingi kana kwamba unabadilisha kasi ya kukwama. Turbini ikiwa imefungwa kabisa, uzito hauna la kufanya. Ni pale gari linapoachiwa ghafla ndipo uzito huonekana, kwa kuwa gari zito huichelewesha turbini, na injini hupanda juu zaidi kabla ya kushikwa. Vipimo hivyo viwili visichanganywe, wala kimoja kisitumike kumlaumu mtengenezaji aliyeahidi kingine. Na konveta mbili zinazokwama kwenye 4,500 zinaweza kutofautiana kwa kuzidisha torki, moja mara 1.8 na nyingine mara 2.3, kutokana na umbo la stata. Kwa gari lenye tairi nyembamba, ile ya kwanza ndiyo itakayoondoka bila kuteleza.