Pikapu kuukuu ikilia: Namna ya kutofautisha mlio wa kero na mlio wa hatari

PIKAPU iliyotumika kwa miaka mingi haikosi sauti. Hulia ikipanda tuta, hugonga ikianza kuondoka, na ikipita barabara ya vumbi hutikisika kuanzia milango hadi dashibodi. Wamiliki wengi huizoea milio hiyo, na wapo wanaoongeza sauti ya redio ili wasiisikie.

Mazoea hayo yana hatari yake. Mlio wa kitasa cha mlango kilicholegea na mlio wa boli jointi iliyokwisha huweza kufanana masikioni mwa dereva. Wa kwanza ni kero tu. Wa pili, ukipuuzwa, unaweza kumalizika kwa gurudumu la mbele kulala upande huku gari likiwa katika mwendo.

Ipo pia hasara ya fedha. Mmiliki anayefika gereji na kusema tu kwamba gari "linalia" huweza kubadilishiwa shokapu, kisha bushi, kisha springi, na mlio ukabaki palepale. Kwa sababu hiyo, kutafuta chanzo hutangulia kununua kipuri.

Aina mbili za milio

Milio mingi ya gari kuukuu huangukia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mlio mwembamba wa msuguano, unaofanana na wa bawaba kavu ya mlango. Huu hutokea pale vitu viwili vilivyobanana vinapong'ang'aniana na kuachiana mara nyingi kwa sekunde moja. Fungu la pili ni mgongano, yaani sauti ya kugongagonga inayotokana na nafasi iliyojitokeza kati ya vitu viwili vilivyopaswa kushikana.

Tofauti hiyo ndiyo inayoelekeza tiba. Mlio wa msuguano hutibiwa kwa kusafisha, kulainisha, kutenganisha sehemu zinazosuguana au kubadilisha raba iliyokauka. Mgongano hutibiwa kwa kukaza, au kwa kubadilisha kilicholika. Kupaka grisi mahali panapogonga huficha sauti kwa siku chache tu, na nafasi huendelea kupanuka.

Wakati wa mlio ni ushahidi

Kabla ya kufungua bolti yoyote, dereva hana budi kujua mlio hutokea lini. Ukisikika gari likiwa limesimama na injini inanguruma, chanzo huwa kwenye injini, feni belti au ekzosi. Ukiongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, hata gia ikiwa huru, chanzo huwa kwenye vitu vinavyozunguka pamoja na magurudumu. Ukija kwenye mashimo na matuta pekee, uchunguzi huanzia kwenye springi, shokapu, bushi na bodi. Ukija wakati wa kukanyaga breki au kukata kona, eneo la kutafuta hupungua zaidi.

Jaribio moja rahisi ni kuondoa kila kitu kisichofungwa: jeki, spana, tairi la akiba na mizigo ya nyuma. Si mara chache mlio uliosumbua kwa miezi hugundulika kuwa ni mpini wa jeki uliolegea nyuma ya kiti.

Springi na bushi

Pikapu nyingi za miaka ya nyuma, kama vile Toyota Hilux na zile za Isuzu na Nissan, zina springi za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka upande wa nyuma. Gari linapopanda na kushuka, vyuma hivyo huteleza kimoja juu ya kingine. Vumbi, tope na kutu vikiingia katikati, springi huanza kulia, hususan gari likiwa tupu.

Njia nyepesi ya kuthibitisha ni maji yenye sabuni. Msaidizi hutikisa nyuma ya gari, na fundi hunyunyizia maji hayo sehemu moja baada ya nyingine. Mlio ukinyamaza ghafla, chanzo kimepatikana. Maji hayo si tiba, kwa kuwa yakikauka mlio hurudi.

Bushi za raba hazipaswi kupakwa oili ya injini wala grisi ya kawaida, maana mafuta hayo huvimbisha raba na kuiozesha. Grisi ya silikoni ndiyo isiyodhuru, lakini bushi iliyopasuka hubadilishwa. Magari yenye pini za springi zilizo na tundu la kupigia grisi ni jambo jingine: hizo hupigwa grisi mpaka ile chafu itoke.

Kosa linalojirudia gerejini ni kukaza kabisa bolti za bushi mpya wakati gari bado liko juu ya jeki. Likishushwa, raba hujisokota, na bushi hiyo hufa mapema. Bolti hizo hukazwa mara ya mwisho magurudumu yakiwa chini, yamebeba uzito wa gari.

Bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli nazo hukaguliwa. Zikilegea, bolti ya katikati ya springi huweza kukatika, ekseli ikahama na gari likaanza kwenda upande.

Shafti, magurudumu na breki

Mlio mwembamba unaojirudia haraka kadiri gari linavyoongeza mwendo, pamoja na kishindo kimoja wakati wa kubadili kutoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, huelekeza kwenye krosi ya shafti ya propela. Krosi ikikatika, shafti huanguka na inaweza kuharibu sehemu za chini ya gari.

Mngurumo unaopanda na mwendo, kisha ukabadilika gari linapokata kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Pikapu ya magurudumu manne yenye shafti za mbele zilizolika hutoa sauti ya kukatakata kwenye kona kali.

Kwa upande wa breki, pedi nyingi huwa na kibati chembamba kinachogusa diski pedi inapokaribia kwisha. Mlio wake mkali umewekwa makusudi ili kumwonya dereva. Anayekikata kibati hicho ili kupata utulivu amejinyima onyo la mwisho.

Bodi na kebini

Kebini hukaa juu ya raba zinazoitenganisha na fremu. Raba hizo zikibonyea, bodi hugonga chuma kwa chuma. Milango huhitaji raba nzima na vitasa vilivyorekebishwa vizuri. Ndani, dereva akibonyeza dashibodi kwa kiganja huku msaidizi akiendesha, hutambua kipande kinacholia. Kipande cha kitambaa au sponji katikati ya plastiki mbili humaliza kazi kwa gharama ndogo.

Chini ya gari, bati linalokinga joto la ekzosi hutoa mlio wa bati tupu pale bolti zake zinapoliwa na kutu. Ekzosi huguswa ikiwa imepoa.

Uangalifu wakati wa kutafuta

Hakuna mlio unaostahili kugharimu uhai. Gari lililoinuliwa kwa jeki pekee haliingiwi chini yake. Huwekwa juu ya stendi imara, mahali tambarare, na magurudumu yaliyobaki chini huzuiwa kwa vigingi. Nguo pana na mikono huwekwa mbali na belti injini inapozunguka. Baada ya gurudumu lolote kufunguliwa, nati zake hukazwa tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100.

Milio isiyosubiri

Sauti nne hazifai kuahirishwa hadi mwisho wa mwezi: mgongano unaoambatana na usukani kucheza, chuma kukwaruza chuma wakati wa breki, kishindo cha shafti, na kugonga kulikoanza ghafla baada ya gurudumu kufungwa. Gari lenye sauti hizo husimamishwa likakaguliwa kabla ya safari nyingine. Milio ya kero tu, kuanzia springi kavu hadi plastiki za dashibodi, inaweza kushughulikiwa mmoja baada ya mwingine kadiri mfuko unavyoruhusu.