Kutoka Lilinga hadi Bomani: Habari za Jengo la Kale la Iringa

Katika mji wa Iringa lipo jengo moja la kale ambalo wenyeji huliita Boma. Lilijengwa na Wadachi, kama Wajerumani walivyokuwa wakiitwa zamani, karibu na mwaka 1900, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Kwanza lilikuwa hospitali ya kijeshi. Kisha, katika zama za Waingereza, likawa nyumba ya utawala. Na baada ya Uhuru likaendelea kutumiwa na serikali kwa kazi za wilaya. Mwaka 2016, baada ya kutengenezwa upya, lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Kazi hiyo iliongozwa na Chuo Kikuu cha Iringa chini ya mpango ulioitwa Fahari Yetu, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na kwa kushirikiana na serikali ya mkoa.

Habari hii yaweza kuelezwa kwa ufupi kama habari ya mafundi: paa limetengenezwa, kuta zimepakwa rangi, milango imefunguliwa. Lakini nyumba iliyotumika kwa muda mrefu kutawalia watu haigeuki kuwa nyumba ya watu hao kwa chokaa peke yake. Yapasa kuulizwa ni kitu gani hasa kiligeuzwa, na ni kitu gani kingali kinangoja kugeuzwa. Njia mojawapo ya kulijibu swali hilo ni kuyafuata majina, maana katika Nyanda za Juu Kusini majina ya ngome yamesafiri kuliko ngome zenyewe.

Jina la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Wingi wake ni malinga. Katika vinywa vya wageni ile l ya kwanza ilitoweka na ya pili ikasikika kama r, ndipo likapatikana neno Iringa linaloandikwa hata leo. Lilinga lililokusudiwa halikuwa mahali ulipo mji wa sasa. Lilikuwa Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, umbali wa kilometa kama 15, ambako Mtwa Mkwawa alikuwa na makao yake yaliyozungukwa na ukuta mkubwa. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yalikishinda kikosi cha Wadachi huko Lugalo na kumwua kiongozi wao, Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye Wadachi walirudi na mizinga, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka na kuibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa mwenyewe aliendelea kupigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua asipate kukamatwa.

Wakati vita hivyo vikiendelea, mwaka 1896, afisa Tom von Prince alianzisha kituo kipya cha kijeshi juu ya mlima, na kituo hicho kikapewa jina lile lile la ngome iliyobomolewa. Katika maandishi ya Wadachi, Kalenga ikawa Iringa ya Kale, na kituo kipya kikawa Iringa Mpya. Basi mshindi alilibomoa lilinga, akachukua jina lake, akalipachika kwenye ngome yake mwenyewe. Kila atajaye Iringa leo hutaja, ajue asijue, ukuta wa Mkwawa uliovunjwa. Ni mara chache neno moja kubeba ushindi wa mtu na kushindwa kwa mwingine kwa pamoja namna hii.

Ngome hiyo mpya, kama vituo vingine vyote vya serikali, haikuitwa lilinga na watu waliokwenda humo kwa shida zao. Iliitwa boma. Neno hili halikuzuliwa na wakoloni. Wako wanaodai kwamba ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yahusuyo utawala wa Waingereza katika nchi za ng'ambo, na dai hilo hurudiwa mara nyingi hata na watu waliosoma. Halina msingi. Henry Morton Stanley alilitumia neno boma katika kitabu chake cha mwaka 1872, akieleza ua wa miiba na magogo uliozungushwa kambi au kijiji, nao ni wakati ambapo Uingereza haikuwa na utawala wowote katika bara la Afrika Mashariki. Boma katika Kiswahili lilikuwa kinga: ua wa kuzuia simba wasile ng'ombe, ukuta wa kuzuia adui asiingie kijijini. Wadachi walilikuta neno likiwa na maana hiyo. Na kwa kuwa vituo vyao vya kwanza vilikuwa ngome kweli, vyenye kuta na bunduki, neno liliwafaa bila kubadilishwa. Amani ilipokuja, bunduki zikaondolewa ukutani, makarani wakaingia, na neno likabaki.

Mabadiliko makubwa hayakuwa katika umbo la neno, yalikuwa katika kuelekea kwake. Ua wa kale huwakinga walio ndani, na walio ndani ndio wenyeji. Katika boma la serikali mgeni ndiye aliyekuwa ndani, na mwenyeji akawa nje. Sarufi ya matumizi yaonyesha jambo hili wazi. Mtu hakusema aghalabu kwamba anakwenda kutazama boma. Alisema ameitwa bomani. Bomani ndiko ilikolipwa kodi ya nyumba, ambayo sheria yake ilitolewa mwaka 1897. Ndiko walikofungwa watu na kutolewa kwa kazi za lazima. Ndiko mashauri yalikokatwa, hata afisa mkatishaji akaitwa Bwana Shauri. Kiambishi cha mahali, -ni, ambacho katika nyumbani na shambani ni cha faraja, katika bomani kilikuwa na baridi.

Bomani vile vile ndiko wengi wa Uhehe, Ubena na Ukinga walikokutana na Kiswahili kwa maandishi. Wadachi walifanya Kiswahili kuwa lugha ya barua kati ya maafisa, maakida na majumbe, na Waingereza, walioingia Iringa mwezi wa Agosti 1916, wakaendelea na desturi hiyo. Hivyo, kwa vizazi viwili, Kiswahili katika nyanda hizi kilinuka wino wa stakabadhi ya kodi kabla hakijanukia shairi au hadithi. Kusahau jambo hili ni kusahau kazi kubwa iliyofanywa na watu wenyewe baadaye, katika vyama vya siasa na madarasani, ya kukitoa Kiswahili bomani na kukileta uwanjani.

Iringa ina kisa kingine kinachostahili kukumbukwa na wanaochunguza lugha na desturi. Mwaka 1935 kilitolewa kitabu cha G. Gordon Brown, mtaalamu wa desturi za watu, na A. McD. Bruce Hutt, afisa wa utawala, juu ya jaribio walilolifanya katika wilaya ya Iringa. Mpango wao ulikuwa hivi: afisa aulize maswali yatokanayo na kazi yake ya kutawala, na mtaalamu ayatafutie majibu kwa Wahehe. Kazi ile ilihifadhi maarifa mengi ambayo pengine yangepotea. Lakini utaratibu wake wapasa kutazamwa: swali lilitoka kwa mtawala na jibu likamrudia mtawala, mwenye desturi alikuwa shahidi tu katika habari zake mwenyewe. Kama nyumba ya utawala sasa imekuwa makumbusho, kipimo chake cha kwanza ni hiki: ni nani aulizaye sasa, na jibu linakwenda kwa nani?

Kabla ya kulijibu hilo, yafaa kutazama jinsi majengo ya namna hii yanavyolindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda kwa jumla majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa yakitangazwa na Waziri. Kwa mpaka huo maboma yote ya Wadachi, maadamu wao waliingia nchini katika miaka ya 1880, hayamo katika ulinzi wa moja kwa moja. Jengo la mwaka 1900 laweza kuonekana kuwa nyumba kuukuu tu ya serikali, yenye bati lililochoka, ambayo ni nafuu kuivunja. Mara nyingi lililoziokoa nyumba hizi ni kuwa bado zina kazi: penye karani pana mtu wa kuziba paa linapovuja. Hatari huja ofisi zinapohamia jengo jipya. Kwa hiyo kulipatia jengo la kale kazi mpya si anasa. Ndiyo njia ya kulifanya liishi.

Na kutengeneza kwenyewe kuna adabu yake. Kuta nene za zamani, za mawe au matofali yaliyoshikizwa kwa udongo au chokaa, huvuta unyevu na kuutoa. Fundi akizifunika kwa saruji ngumu, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza huku uso wake ukiwa safi. Chokaa huhitaji subira na kurudiwa kila baada ya miaka, lakini huuacha ukuta upumue. Wapo watakaoona katika jambo hili mfano wa historia yenyewe.

Kazi mpya za majengo ya kale zimekuwa za namna nyingi. Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, lilitengenezwa kwa juhudi za shirika la hisani la Kiingereza na kuwa hoteli. Huko Unguja, zahanati ya kale iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan ilitengenezwa katika miaka ya 1990 na wakfu wa Aga Khan na kuwa kituo cha utamaduni. Boma la Kale la Dar es Salaam, la zama za Sultani Majid, lilifunguliwa mwaka 2017 kuwa kituo cha urithi wa majengo. Tukuyu, ambayo Wadachi waliiita Neu-Langenburg, nayo ina mabaki ya boma lake. Ama Mbeya, mji uliokua tangu mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, haukuwa na boma la Wadachi la kurithi. Hoteli huliokoa jengo na kuleta mapato, lakini mlango wake hufunguka kwa mwenye fedha. Iringa ilichagua njia iliyo ngumu zaidi, ya kuwafungulia wote.

Wako wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini nyumba ya wavunjaji wa Kalenga itunzwe kwa gharama, hali lilinga lenyewe limebaki udongo. Jibu haliwezi kuwa kwamba jengo ni zuri. Kalenga ina makumbusho yake, ambamo limehifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani na kukabidhiwa na Gavana Edward Twining kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa tarehe 19 Juni 1954, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Kalenga husimulia habari za aliyevunjiwa. Boma husimulia habari za kuvunja na za kutawala baada ya kuvunja. Mwanafunzi aliyeona moja bila ya pili amesoma nusu ya sentensi. Na Boma likifutwa, ushahidi unaofutwa si wa Wahehe, ni wa Wadachi. Mtendaji ndiye anayepata nafuu ya kusahauliwa.

Lakini hoja hiyo husimama endapo ndani ya Boma wenyeji ndio wasemao. Makumbusho ya mkoa huu hayawezi kuwa ya Wahehe pekee, wala ya vita pekee. Vyombo vya kufinyangia, vikapu, majembe na ngoma vina majina yake katika Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisangu na Kinyakyusa, na mengi ya majina hayo hayana neno moja la Kiswahili linalolingana nayo sawasawa. Kibao kinachosema “kikapu” peke yake juu ya vikapu vya namna tano kimepoteza maneno matano na matumizi yake. Hapo kituo cha utamaduni chaweza kufanya kazi ambayo kamusi haikuifanya: mzee aitwe, safari hii kwa heshima na kwa nauli, akitaje kitu, aeleze kilivyotumika, na sauti yake ihifadhiwe pale pale kilipo kitu chenyewe. Na vijana wa mjini, ambao wengi wao huielewa lugha ya nyanya zao wasiweze kuisema, wapate mahali pa kuisikia.

Neno boma limepata maana nyingine katika Kiswahili cha siku hizi. Watu wa kijiji wakichangishana kujenga darasa au zahanati, wakafikisha kuta mahali pa kuezekea, jengo hilo lisilo na paa huitwa boma, na maombi ya kumaliziwa maboma husikika katika kila mkutano wa wilaya. Katika matumizi haya boma ni la waliolijenga, nalo bado halijaisha. Jengo la Iringa lina paa tangu zamani. Kwa maana hiyo mpya, hata hivyo, lastahili kuitwa boma kwa miaka mingi ijayo: kuta zimesimama, na kazi ya kulimalizia ni ya wale ambao babu zao waliitwa bomani.