Robert Schumann, mhakiki aliyewasikia wenzake

Mwezi Mei 1896 mpiga piano mashuhuri Clara Schumann alifariki mjini Frankfurt akiwa na miaka 76. Mwaka huohuo, katika milima ya Usambara Magharibi upande wa Korogwe, Wajerumani walianzisha makao ya Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Haikupita miaka kumi, Lutindi ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni lao la Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, miaka ya 1920, chini ya Waingereza.

Kifo cha Clara na mwanzo wa Lutindi havikuhusiana. Hata hivyo mumewe Clara, Robert Schumann, mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa piano duniani, alikuwa amefia katika nyumba ya namna hiyo miaka 40 kabla. Kwa hiyo msomaji wa Korogwe au Handeni, ambaye pengine ndugu au jirani yake amewahi kupandishwa Lutindi, anaweza kuisoma habari ya mtu huyu bila kuona ni ya mbali. Ninaiandika kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya pili: Schumann alikuwa mhakiki, na kazi yake ya uhakiki ni kitu ambacho muziki wetu unakihitaji sana.

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1810 katika mji mdogo wa Zwickau. Baba yake, August, alikuwa muuza vitabu na mchapishaji, kwa hiyo mtoto alikulia katikati ya karatasi na wino, na kwa miaka mingi hakujua kama moyo wake uko kwenye mashairi au kwenye muziki. Baba alifariki 1826. Mama alitaka kijana asome kazi ya kumlisha, akampeleka Leipzig kusomea sheria. Sheria hakuisoma sana. Alikuwa akishinda kwenye piano nyumbani kwa mwalimu Friedrich Wieck, ambaye binti yake mdogo, Clara, tayari alikuwa akipiga mbele ya hadhira. Ndoto ya Robert ilikuwa awe mpigaji wa majukwaani. Ikavunjika mapema: kufikia 1832 vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimelegea, na havikupona tena. Mtu aliyetaka kuishi kwa mikono yake alibaki na sikio na kalamu.

Kalamu aliishika vizuri. Mwishoni mwa 1831, akiwa na miaka 21, aliandika katika gazeti la muziki la Leipzig makala kuhusu kijana wa Kipolandi wa rika lake, ambaye Wajerumani wachache tu walikuwa wamemsikia. Kijana huyo ni Frédéric Chopin. Schumann hakuandika kama hakimu anayetoa alama. Alibuni watu wawili, Florestan na Eusebius, mmoja moto na mwingine mpole, akawaacha wazungumze juu ya muziki uliowekwa mbele yao, washangae, wabishane, wavue kofia. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na ngonjera hatapata shida na mtindo huo: hoja inapita midomo miwili, na ukweli unapatikana kati yao. Wa tatu, Mwalimu Raro, alikuwa wa kuwasuluhisha.

Tarehe 3 Aprili 1834 yeye na wenzake walitoa toleo la kwanza la gazeti lao wenyewe, Neue Zeitschrift für Musik, na kwa takriban miaka kumi Schumann ndiye aliyelibeba. Wakati huo Ulaya ilijaa wapiga piano wa mbwembwe, watu wa kasi ya vidole bila neno la kusema, na magazeti mengi ya muziki yalimsifu kila mtu kwa sababu wachapishaji wa noti ndio waliokuwa wakiyalisha. Schumann alikataa. Aliwaandika vijana wasiojulikana na kuwakumbusha wasomaji juu ya wafu waliosahauliwa. Alipokwenda Vienna, alimtembelea Ferdinand, ndugu wa mtunzi Franz Schubert aliyefariki miaka kumi nyuma, akakuta nyumbani kwake rundo la noti ambazo hakuna aliyezishughulikia. Ndani yake ilikuwamo simfonia kubwa ya Schubert katika C meja. Schumann alifanya mpango ipelekwe Leipzig, na tarehe 21 Machi 1839 Felix Mendelssohn akaiongoza mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Bila safari hiyo, kazi ambayo leo hupigwa duniani kote ingeendelea kukaa kabatini.

Hakuwa mwenye haki siku zote. Alimshambulia Meyerbeer na opera yake Les Huguenots kwa ukali uliopita mpaka. Lakini ukipima jumla, mhakiki huyu alifanya kazi ambayo ni ngumu kuliko kukosoa: alitambua thamani kabla ya umma kuitambua, akaweka jina lake mwenyewe rehani. Sisi tumewahi kuonja kidogo ladha hiyo. Shaaban Robert, mwana wa mkoa wetu wa Tanga, alitumia nathari yake kuandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, akaona kwamba maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu. Baada yake ni wachache waliofuata. Leo selo ya Wazigua wa Handeni, mdumange ya Wasambaa, kwaya na bendi zetu hutajwa magazetini pale tu mgeni rasmi anapokuwapo, na anayeandikwa ni mgeni rasmi. Nani alipiga, alipiga nini, na kwa nini upigaji wake ulipita wa mwenzake, havisemwi. Hilo linaniuma.

Muziki wa Schumann mwenyewe ulianza na piano tupu. Kazi zake zote 23 za kwanza zilizochapishwa na kupewa namba ni za piano, na zilizo bora kati yake, kama Kinderszenen na Kreisleriana, aliziandika akiwa bado kwenye vita na mzee Wieck, aliyeapa kwamba binti yake hataolewa na mtunzi asiye na fedha wala mkono. Kesi ilifika mahakamani. Wieck alimtuhumu kijana kwa ulevi, na mahakama haikuridhika. Robert na Clara walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla bibi harusi hajatimiza miaka 21. Mwaka huo mmoja Robert aliandika nyimbo zaidi ya mia moja za sauti na piano.

Anayepiga kinanda kanisani, na katika Korogwe na Handeni wapo vijana wengi wa namna hiyo, aanzie kwenye mkusanyiko wa 1848 ambao Schumann aliutunga akiwafikiria binti zake. Una vipande 43, na cha kumi kinamhusu mkulima anayerudi kutoka kazini kwa furaha. Vipande vingi vya wanafunzi huupa mkono wa kulia wimbo na wa kushoto kusindikiza. Hapa Schumann amegeuza. Mkono wa kushoto, ule mzito, ndio unaoimba, sauti ya mwanamume aliyemaliza palizi, na wa kulia unadokoa vipigo vifupi katikati, nje kidogo ya pigo kuu. Kisha, kwa mistari michache, mkono wa kulia unaingia na kuimba pamoja naye, kana kwamba mtoto amekuja kumpokea baba njiani, halafu unarudi kwenye kudokoa. Ni ukurasa mmoja tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuupiga, na mtu mzima anaweza kuusikiliza kwa makini bila kuchoka.

Ugonjwa ulikuwa ukimnyemelea Schumann tangu ujana: vipindi vya huzuni nzito, hofu, usiku bila usingizi, kisha majuma ya kazi isiyo na kifani. Mwaka 1850 familia ilihamia Düsseldorf, alikopewa kuongoza okestra na kwaya ya mji, kazi ambayo hakuiweza. Tarehe 28 Oktoba 1853 aliandika makala yake kubwa ya mwisho ya uhakiki. Aliutangazia ulimwengu kijana wa miaka 20 aliyekuwa amebisha hodi mlangoni kwake majuma machache kabla, akiwa hajachapisha hata noti moja. Jina lake ni Johannes Brahms. Schumann hakukosea.

Februari 1854 sauti moja ilianza kulia masikioni mwake bila kukoma. Baadaye ikawa muziki mzima, akasema ni malaika wanaoimba. Usiku mmoja aliinuka kitandani akaandika wimbo aliosema ameletewa na roho, akaanza kuutungia vibadilisho vya piano. Kisha malaika wakageuka kuwa wanyama wakali. Tarehe 27 Februari alitoka nyumbani kwenye mvua, akajitupa katika mto Rhine, na wavuvi wakamwopoa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaomba apelekwe mahali pa matibabu, akiogopa asije kumdhuru Clara. Siku chache baadaye alifikishwa Endenich, karibu na Bonn, katika hospitali ya binafsi ya daktari Franz Richarz.

Richarz hakuwa katili. Kwa vipimo vya wakati wake alikuwa mtu wa mageuzi, aliyepinga kufunga wagonjwa. Schumann alipata piano, na siku alizokuwa na nguvu alitembezwa hadi Bonn kuiona sanamu ya Beethoven. Ujanani alitaka kuichangia sanamu hiyo: Fantasia yake ya piano alianza kuiandika ili mapato yake yasaidie kuisimamisha. Brahms alikwenda kumtazama, akamkuta na kitabu cha ramani, akipanga majina ya miji kwa utaratibu wa alfabeti. Lakini daktari aliamini kwamba kuwaona watu wa nyumbani kungemvuruga. Clara, aliyekuwa akizunguka Ulaya kupiga piano ili awalishe watoto saba, hakuruhusiwa kumwona kwa zaidi ya miaka miwili. Mtoto wa mwisho, Felix, alizaliwa Juni 1854 na hakumwona baba yake kamwe. Clara alifika tarehe 27 Julai 1856. Robert alimtambua, akajaribu kumkumbatia. Siku mbili baadaye akafariki, akiwa na miaka 46.

Hapa ndipo ninapowaza juu ya milima yetu. Kabla ya Lutindi, mtu wa nchi hii anayesikia sauti aliitiwa mganga, na mara nyingi alichezewa ngoma. Pepo alipandishwa, akaulizwa jina na haja yake, na ndugu wote walikuwapo wakiimba na kuitikia. Wapo waliotulia. Wapo pia waliofungwa kamba au minyororo nyuma ya nyumba kwa miaka, na Lutindi ilipokea watu wa aina hiyo. Sitaki kuipamba ngoma wala kuilaumu hospitali. Ninasema tu kwamba Schumann, aliyeishi kwa kusikia, alitengwa na sauti alizozipenda kuliko zote, na waliomtenga walidhani wanamsaidia. Lutindi yenyewe, sasa chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, inajulikana kwa kuwashirikisha wagonjwa kazi za shamba, chai na ufundi, na hilo naliona karibu zaidi na alichokosa mtu yule wa Endenich. Clara aliupitia tena uchungu huo: mwanawe Ludwig naye aliugua akili, akaishi hospitalini Colditz kwa zaidi ya miaka 25.

Hofu ya ugonjwa iliingia hata kwenye noti. Schumann alikuwa ameandika tamasha la fidla na okestra mwaka 1853. Clara na mpiga fidla Joseph Joachim, aliyeandikiwa kazi hiyo, waliamua isichapishwe, wakisikia ndani yake akili iliyochoka. Ikafichwa katika maktaba ya Berlin hadi 1937, ilipopigwa kwa mara ya kwanza hadharani. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta huo uchovu, na sehemu ya pili, ile ya polepole, naiona miongoni mwa vitu vizuri kabisa alivyoandika.

Wimbo wa sehemu hiyo unafanana sana na ule alioamka kuuandika usiku ule wa Februari, ingawa yeye aliamini unatoka kwa roho. Brahms aliufahamu wimbo huo wa Februari. Mwaka 1861 alitunga juu yake vibadilisho kumi kwa watu wawili kwenye piano moja, akaviweka kwa jina la Julie, binti wa Schumann.