Sumu ya mahindi Ukambani: Jeni za kuvu, ini la binadamu na mjadala wa GMO

Kila mara mjadala kuhusu vyakula vilivyobadilishwa jeni, maarufu kama GMO, unapozuka nchini Kenya, mahindi ndiyo hutajwa kwanza, na hofu inayotajwa zaidi ni ya saratani. Katika eneo la Ukambani, hata hivyo, mahindi yamewahi kuua watu zaidi ya mara moja, na hayakuwa ya maabara. Yalikuwa mahindi ya kawaida, mengi yakiwa yamepandwa, kuvunwa na kuhifadhiwa na walioyala.

Kilichoua ni aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa ile ijulikanayo na wanasayansi kama Aspergillus flavus. Kuvu hiyo huishi udongoni na hupenda joto. Huvamia mahindi na njugu karanga zilizodhoofishwa na ukame zingali shambani, kisha hustawi ghalani iwapo nafaka itawekwa kabla ya kukauka vyema. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kuchemsha chakula hakuimalizi.

Ulimwengu uliitambua mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu. Miaka 21 baadaye ilibisha hodi Machakos.

Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo. Maini yao yalikuwa yameharibika. Kumi na wawili kati yao walifariki, wengine siku moja tu baada ya kulazwa. Mbwa wa vijijini pia walikufa kwa wingi, ishara kwamba tatizo lilikuwa katika chakula. Mahindi ya familia moja yalipopimwa yalipatikana na takriban mikrogramu 12,000 za aflatoksini kwa kila kilo.

Kipimo hicho kina uzito kikilinganishwa na kiwango ambacho sheria ya Kenya iliruhusu kwa miaka mingi: mikrogramu 20 kwa kilo. Baadaye kiwango hicho kilipunguzwa hadi 10.

Mkasa mkubwa zaidi ulitokea mwaka 2004. Kufikia Julai 20 mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, huku Machakos na Thika zikiathirika pia. Ukame ulikuwa umeidhoofisha mimea, kisha mvua ikanyesha wakati wa mavuno. Kwa kuwa chakula kilikuwa haba na wezi wengi, familia nyingi zilihifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya kuyaacha ghalani.

Watafiti wa Kenya na Marekani walilinganisha wagonjwa 40 na majirani 80 ambao hawakuugua. Mahindi ya nyumba zenye wagonjwa yalikuwa na wastani wa mikrogramu 354 kwa kilo, ilhali ya majirani yalikuwa na 44. Hapa pana jambo ambalo si rahisi kulisoma na kupita: nyumba ambazo hazikupata msiba zilikuwa zikila zaidi ya mara mbili ya kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Nayo masoko hayakuwa salama. Zaidi ya nusu ya sampuli zilizonunuliwa kwa wauzaji wa wilaya hizo zilipita kiwango cha 20, na asilimia saba zilipita 1,000.

Uchunguzi huo uligundua jambo lingine. Waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko majirani wao kupatikana na virusi vya homa ya ini aina ya B katika damu.

Ili kuelewa uhusiano huo, ni lazima kuingia ndani ya ini. Aflatoksini inapofika humo, vimeng'enya vya mwili huibadilisha kwa nia ya kuitoa, lakini katika kufanya hivyo huizalisha kemikali kali inayojibandika kwenye DNA. Mwili una vimeng'enya vingine vya kuizima kemikali hiyo. Nguvu ya vimeng'enya hivyo hutegemea jeni ambazo mtu amerithi, ndiposa watu wawili wanaweza kula sufuria moja na mmoja akaumia kuliko mwenzake.

Mwaka 1991, watafiti waliochunguza uvimbe wa saratani ya ini kutoka Uchina na kusini mwa Afrika waligundua kosa lile lile likijirudia katika jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisizaane ovyo. Herufi moja ya DNA, katika sehemu ya 249 ya jeni hiyo, ilikuwa imebadilishwa. Kosa hilo hupatikana kwa wingi mahali ambapo watu hula aflatoksini, na kwa nadra kwingineko; ni kama alama ya kidole iliyoachwa na mhalifu. Kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi. Ndiyo maana chanjo dhidi ya virusi hivyo, ambayo Kenya iliianzisha kwa watoto wachanga mwishoni mwa 2001, ni kinga pia dhidi ya madhara ya mahindi mabovu, ingawa ni nadra kuelezwa hivyo kwa wazazi kliniki.

Wala si Ukambani pekee. Sampuli 597 za damu zilizokusanywa nchini kote mwaka 2007 zilipopimwa baadaye, asilimia 78 zilikuwa na dalili za aflatoksini. Viwango vya juu vilikuwa Mashariki na Pwani.

Jeni za kuvu nazo zina habari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa mahindi ya maeneo yaliyokumbwa na mkasa wa 2004 yalikuwa yametawaliwa na aina ya S ya kuvu hiyo, inayotambulika kwa vijipunje vyake vidogo na kwa wingi wa sumu yake. Kwa upande mwingine, wapo ndugu wa kuvu hiyo wasioweza kabisa kutengeneza sumu, kwa kuwa jeni zao za kazi hiyo zimeharibika kwa njia ya asili.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa Aflasafe. Ranajit Bandyopadhyay wa taasisi ya kilimo ya IITA na Peter Cotty wa Marekani waliongoza juhudi za kutafuta kuvu zisizo na sumu katika mataifa kadhaa ya Afrika. Ile ya Kenya, Aflasafe KE01, ina aina nne zilizotoka katika udongo wa nchi hii, na iliidhinishwa mwaka 2015. Hupakwa kwenye mtama uliokaangwa ambao hunyunyizwa shambani, kilo nne kwa ekari, ili kuvu njema itangulie kuishika mimea na kuinyima nafasi ile mbaya. Katika majaribio mengi sumu ilipungua kwa asilimia 80 au zaidi. Kiwanda cha kuitengeneza kilijengwa Katumani, mjini Machakos, katika kituo cha utafiti kilichowapa wakulima mahindi ya Katumani yanayokomaa mapema, miaka ya 1960.

Hakuna jeni iliyohamishwa wala kubadilishwa katika bidhaa hiyo. Ni bayoteknolojia isiyo GMO, lakini katika mabishano ya umma imefunikwa na kelele za upande mwingine.

Kelele hizo zilipanda Novemba 2012, Baraza la Mawaziri lilipopiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Miezi miwili kabla, mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, alikuwa amechapisha utafiti uliodai kuwa panya waliolishwa mahindi hayo walipata uvimbe. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka 2013 baada ya wataalamu kuukosoa, na jarida jingine likauchapisha tena mwaka 2014. Marufuku ya Kenya iliendelea hadi Oktoba 3, 2022. Kesi zikafuata, Novemba 2024 Mahakama Kuu ilizitupilia mbali, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji ikisubiri kusikiza rufaa.

Wanaotetea GMO husema mahindi ya Bt, ambayo yamefanyiwa majaribio Kiboko na Kitale, hustahimili viwavi, na kwamba punje isiyotobolewa haiingiliwi kirahisi na kuvu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ushahidi wake ni mzito zaidi kwa sumu nyingine, fumonisini, kuliko kwa aflatoksini. Mwaka 2017 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Arizona waliripoti mahindi waliyoyapa uwezo wa kuzima jeni ya sumu ndani ya kuvu yenyewe. Hayo yalikuwa ya maabara. Wapinzani nao huuliza nani atamiliki mbegu, swali ambalo hakuna kipimo cha sumu kinachoweza kulijibu.

Serikali hukagua zaidi unga wa viwandani. Novemba 2019, shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga, na Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa mpakani kwa siku chache. Gunia lililo chini ya kitanda huko Masinga au Yatta halina mkaguzi. Huko kinga ni jua, turubai ya kuanikia na mkono wa mpishi. Watafiti walipopima muthokoi, chakula cha Wakamba cha mahindi yaliyokobolewa, walipata kuwa kukoboa peke yake huondoa karibu nusu ya aflatoksini. Nusu ya 354, hata hivyo, bado ni 177.

Aflasafe nayo ina masharti yake. Ni lazima inyunyizwe wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Mkulima wa Mwala humlazimu kuilipia wakati ambapo bado hajui kama mvua ya vuli itadumu hadi mavuno, na akifika sokoni, mahindi yake masafi hupimwa kwa debe lile lile na kwa bei ile ile ya jirani ambaye hakununua.