Wapelelezi Wawili Wasiofanana: Kutoka Riwaya hadi Televisheni

Katika hadithi za upelelezi, mpelelezi hodari aghalabu huandamana na mwenzi asiyelingana naye. Arthur Conan Doyle alimwandamanisha Sherlock Holmes na Daktari Watson mwaka 1887. Muhammed Said Abdulla, aliyemwingiza Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa Najum. Hapo akili ni ya mmoja. Mwenziwe huuliza na kustaajabu kwa niaba ya msomaji.

Tamthilia nyepesi ya televisheni, Remington Steele, iliyoonyeshwa Marekani toka 1982 hadi 1987, iliupindua mpango huo. Laura Holt alifungua ofisi ya upelelezi kwa jina lake, wateja wasije kwa kuwa ni mwanamke. Ndipo alipobuni mkuu wa kiume asiyekuwako. Punde laghai mmoja, mjuzi wa sinema kuliko upelelezi, akalitwaa jina hilo pamoja na sifa zake.

Mvuto wa tamthilia hiyo, basi, haukutokana na mauaji, ambayo yalifumbuliwa pasipo kumtisha mtazamaji. Ulitokana na mabishano na mapenzi ya wawili hao, na swali ambalo kisa cha saa moja hakikuweza kulimaliza: mwenye kazi ni nani, na mwenye jina ni nani?