Mwaka Kompyuta Zilipopigwa Marufuku

Kila ninapowaambia wenzangu darasani kwamba mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, wanacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipofuatilia sababu. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine, lakini walioielewa kazi hiyo walikuwa wachache, wengi wao wageni. Mfumo ukakwama, ukatia hasara. Serikali ikafunga mlango: anayetaka kompyuta aombe kibali maalumu.

Tuliilipia marufuku hiyo. Ujuzi wa mashine hupatikana kwa kuigusa, na kizazi kizima kilichelewa kuigusa. Lakini hofu yenyewe haikuwa ya kijinga. Juzi kompyuta yangu ilizimika ikiwa na sura mbili za tasnifu. Fundi akaniuliza, "Nakala umeweka wapi, dada?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Leo mashine tunazo hadi mifukoni, na bado wanaozielewa ni wachache, wengi wao wako mbali. Wakubwa wa 1974 walikosea dawa. Ugonjwa waliuona.