Kugoma kuwaka kwa injini ya dizeli

Kugoma kuwaka kwa injini ya dizeli ni hali ambapo gari linalotumia dizeli hushindwa kuwaka, au huwaka siku moja na kukataa siku inayofuata. Makala hii inahusu hasa pikapu za Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, ambazo zimetumika sana nchini Tanzania kubeba viazi, mbao na maparachichi. Katika nyanda za juu za mkoa wa Njombe, kwa mfano kata ya Yakobi, tatizo hujitokeza zaidi asubuhi za Juni hadi Agosti.

Jinsi injini inavyowaka

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche za plagi. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza yake mwaka 1893, haina cheche. Pistoni hukandamiza hewa mpaka ipate joto la mamia ya nyuzi, kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Kwa sababu hiyo injini ya dizeli inadai mambo matatu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, hewa yake ipate joto, na dizeli ifike bila kuchanganyika na hewa wala maji.

Katika injini ya 3L hewa hukandamizwa hadi takriban sehemu moja ya 22 ya ujazo wake. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kukadiria kwamba halijoto yake kwa kelvini huongezeka karibu mara tatu, kama hakuna joto linalopotea. Hivyo hewa ikiingia na nyuzi 5 za selsiasi badala ya 30, upungufu wa nyuzi 25 huwa karibu 75 mwishoni mwa mkandamizo. Isitoshe, mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni takriban asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Injini nzima huvumilia hayo. Injini ambayo ringi za pistoni zimechakaa haivumilii, ndiyo maana gari lililokuwa likiwaka vizuri Dar es Salaam laweza kusumbua likihamia Njombe.

Kutambua chanzo

Wenye magari wengi hukimbilia kufungua pampu ya dizeli, ambayo ndiyo sehemu ya gharama kubwa na mara nyingi haina kosa. Ni afadhali kuanza kwa kusikiliza na kutazama.

Kama stata inazungusha injini kwa uvivu, chanzo kitafutwe kwanza kwenye umeme. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Baridi hupunguza nguvu ya betri na wakati huohuo hufanya oili iwe nzito. Kutu kwenye vichwa vya betri na waya wa ethi uliolegea huleta dalili zilezile, na tiba yake ni brashi na spana.

Kama injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, atazamwe moshi. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli unaonyesha kuwa mafuta yanafika ila hayaungui: joto halitoshi. Hapo zipimwe hita, yaani plagi zinazopasha chumba cha mwako kabla ya kuwasha. Kila moja hupimwa kwa mita baada ya kutenganishwa na waya wake. Iliyokatika ndani haipitishi umeme kabisa. Hita mbili zikifa kati ya nne, gari huwaka kwa shida asubuhi na bila shida mchana. Hita zote zikiwa nzima na zinapata umeme, lipimwe shinikizo la mkandamizo.

Pasipo moshi wowote, dizeli haifiki. Jaribio rahisi ni kupampu kwa mkono kitufe kilicho juu ya filta kabla ya kuwasha asubuhi. Gari likiwaka mara moja baada ya hapo, kuna mahali panapoingiza hewa usiku na dizeli kurudi kwenye tenki: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au sili ya pampu hiyo ya mkono. Maji yaliyotuama chini ya filta nayo yafunguliwe yatoke. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hupunguza ulainishaji wa pampu. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kudhibiti uchakachuaji huo.

Gari linalogoma likiwa la moto ni jambo jingine. Likishusha mzigo Makambako na kukataa kuwaka nusu saa baadaye, huenda pampu imechakaa, kwa kuwa dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja ndani yake. Mafundi hufunika pampu kwa kitambaa chenye maji. Likiwaka baada ya kupoa, shaka hiyo hupata nguvu.

Tahadhari

Kuegesha gari mlimani ili liwashwe kwa kuserereka ni desturi ya hatari, kwa sababu injini isipowaka breki hukosa nguvu ya ziada na huwa ngumu sana. Kunyunyizia petroli au etha kwenye njia ya hewa wakati hita ni za moto kunaweza kusababisha mlipuko na kuvunja pistoni. Katika pikapu mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta, bomba za nozeli zisilegezwe wakati injini inazungushwa: shinikizo humo hupita baa 1,000, na dizeli inayochuruzika kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali mara moja hata kama kidonda kinaonekana kidogo.